Chembe si Goroli: Maswali ya Mwanafunzi wa Fizikia

  

Lengo la mhadhara huu ni kuyachukua maswali ambayo mwanafunzi huuliza anapoanza kusoma habari za chembe na maada, yale ambayo mwalimu aliyebanwa na muhtasari huyaruka, na kuyajibu kadiri fizikia ya leo inavyoweza. Hoja yangu ni kwamba maswali hayo yana mzizi mmoja. Mwanafunzi ameonyeshwa mchoro wa atomi: kiini katikati, ndani yake protoni na nyutroni zimerundikwa, na elektroni zikizunguka pembeni, kila moja kwenye njia yake. Kila kitu katika mchoro ule ni goroli. Mwanafunzi makini akiutazama anahisi kwamba goroli hizo haziwezi kufanya yale ambayo maada hufanya, na maswali yake ni namna ya kutuambia hivyo.

1. Kwa nini elektroni haiangukii kiini?

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kidogo, maana hapa ndipo pana utajiri.

Kiini chenyewe kilianza kuonekana kwa jicho la mwanafunzi. Mwaka 1909, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Ernest Rutherford alimpa kazi kijana wa miaka 20 aliyekuwa bado anasoma shahada ya kwanza, Ernest Marsden. Alimtaka aangalie kama chembe za alfa zikirushwa kwenye bamba la metali zinaweza kurudi nyuma. Hakuna aliyetarajia zirudi. Marsden na Hans Geiger walikaa gizani mpaka macho yakazoea, kisha wakachungulia kwa hadubini kwenye kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki. Kila chembe iliyogonga kioo ilitoa kimweko kidogo cha mwanga, nao wakavihesabu kimoja kimoja. Takriban chembe moja katika kila 8,000 ilirudi ilikotoka. Miaka miwili baadaye, 1911, Rutherford alieleza maana yake: karibu tungamo lote la atomi, na chaji yake yote chanya, vimekusanyika mahali padogo katikati, padogo kuliko atomi kwa zaidi ya mara 10,000.

Swali linazaliwa papo hapo. Chaji hasi na chaji chanya huvutana. Elektroni inayozunguka kiini hubadili mwelekeo wakati wote, yaani ina mchapuko. Na nadharia ya Maxwell inasema kwamba chaji yenye mchapuko hutoa mawimbi ya sumakuumeme na kupoteza nishati. Ukikokotoa kwa nadharia hiyo, elektroni ya haidrojeni ingezama kwenye kiini katika muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mwaka 1913 Niels Bohr alitoa amri: ziko njia maalumu ambazo elektroni ikiwa humo haitoi mwanga. Amri hiyo ilileta majibu sahihi kwa haidrojeni, na ndiyo tunayoifundisha hadi leo. Lakini mwanafunzi akiuliza sababu, kumwambia kwamba Bohr alisema hivyo si kumjibu.

Sababu ilipatikana kati ya 1925 na 1927, kwa kazi za Heisenberg, Schrödinger na wenzao. Elektroni ndani ya atomi haina njia inayopita. Ina wimbi, na wimbi hilo likibanwa mahali padogo, nishati ya mwendo hupanda. Chukueni haidrojeni. Punguzeni ukubwa wa wimbi la elektroni kwa nusu. Nishati inayopatikana kwa kuvutwa na kiini inakuwa mara mbili, lakini nishati ya mwendo inakuwa mara nne. Mkiendelea kubana, gharama inazidi kupanda haraka kuliko faida. Upo umbali mmoja ambao jumla ya nishati hizo mbili ni ndogo kuliko kwingine kote, nao ni nanomita 0.053. Elektroni inabaki hapo kwa sababu kusogea ndani zaidi kungehitaji nishati ambayo haina.

Wanafunzi wa kidato cha sita mlio hapa, fanyeni hesabu hiyo usiku wa leo. Andikeni jumla ya nishati mbili, tafuteni inapofika chini kabisa, na mtapata elektronivolti 13.6, nishati ileile inayotakiwa kuing'oa elektroni katika atomi ya haidrojeni. Ni mistari mitano tu. Sijui mistari mizuri kuliko hiyo katika fizikia yote ya shule, na inanisikitisha kwamba vijana wengi humaliza kidato cha sita bila kuiona.

Mwanafunzi mkali hatanyamaza. Atauliza: je, haianguki kabisa, hata mara moja? Hapa jibu linatufikisha Ngorongoro. Wimbi la elektroni za ndani hupenya hadi ndani ya kiini. Katika atomi nyingi halitokei lolote, kwa kuwa badiliko lolote lingehitaji nishati isiyokuwapo. Lakini iko potasiamu-40, aina adimu ya potasiamu iliyomo kwenye miamba, kwenye ndizi tunazokula na kwenye misuli yetu. Humo, mara mojamoja, protoni humeza elektroni ikageuka nyutroni, na atomi ya potasiamu ikawa atomi ya gesi ya agoni. Nusu-maisha ya potasiamu-40 ni takriban miaka bilioni 1.25, na kama asilimia 11 ya atomi zake zinazovunjika hupitia mlango huo.

Volkano inapolipuka, agoni iliyokuwa katika mwamba ulioyeyuka hutoroka. Mwamba ukishaganda, agoni mpya huanza kujikusanya humo, na anayeipima anajua mwamba umeganda kwa muda gani. Ndivyo Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walivyotangaza mwaka 1961 kwamba tabaka la Olduvai, humohumo Ngorongoro, alimofukuliwa Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey alilipata 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75. Ulikuwa umri mkubwa kuliko ilivyokadiriwa kabla ya hapo. Mtoto anayeuliza kwa nini elektroni haianguki anauliza pia, pasipo kujua, jinsi tulivyofahamu umri wa binadamu wa kale wa nchi hii.

2. Kama atomi ni tupu, meza ni ngumu kwa nini?

Walimu wenzangu, naomba tuache kuwaambia watoto kwamba atomi ni tupu. Usemi huo una maana ikiwa elektroni ni goroli ndogo iliyopotea katika uwanja mkubwa. Lakini tumekwisha kuona kwamba wimbi la elektroni linaenea katika atomi yote. Kilichokusanyika katikati ni tungamo. Nafasi iliyobaki ina mwenyewe.

Ugumu wa meza una sababu mbili. Moja inajulikana darasani: elektroni za mkono na elektroni za meza zina chaji ya aina moja, hivyo hukataana. Ya pili ni kubwa zaidi na haitajwi mara nyingi. Mwaka 1925 Wolfgang Pauli aligundua kwamba elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja ileile kwa kila kipengele. Ukitaka kuzisukuma elektroni za vitu viwili zikae mahali pamoja, baadhi yake zitalazimika kupanda hali za juu zenye nishati kubwa, na nishati hiyo ni lazima uitoe wewe. Mwaka 1967 Freeman Dyson na Andrew Lenard walithibitisha kwa hisabati, kwa kazi ndefu na ngumu, kwamba kanuni hii ndiyo inayozuia maada isijikunje. Bila kanuni ya Pauli, kuvutana na kukataana kwa chaji peke yake kusingetosha.

Kanuni hiyohiyo inashikilia hata nyota. Mwaka 1930 kijana wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alikuwa melini akitoka India kwenda Uingereza kusoma. Njiani alijiuliza: nyota iliyoishiwa kuni zake, ikabaki inashikiliwa na elektroni zinazokataa kukaa pamoja, inaweza kubeba uzito kiasi gani? Jibu tunalolijua leo ni takriban mara 1.4 ya tungamo la Jua. Ikizidi hapo, elektroni zinashindwa na nyota inaporomoka. Arthur Eddington, aliyekuwa mkubwa wa fani ya elimu ya nyota, alimpinga hadharani mwaka 1935. Chandrasekhar alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Vijana, wazo la yule kijana lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

3. Elektroni ilikuwa wapi kabla nyutroni haijavunjika?

Hili ni swali ninalolipenda kuliko mengine yote, kwa sababu anayeuliza anakuwa amesikiliza kwa makini sana. Tunamwambia kwamba nyutroni ikiwa nje ya kiini huvunjika baada ya kama robo saa, zikatokea protoni na elektroni. Anafanya hesabu yake ya kawaida: kilichotoka ndani kilikuwamo ndani. Kwa hiyo nyutroni ni protoni na elektroni zilizogandana?

Wataalamu wenyewe walidhani hivyo. Katika miaka ya 1920 ilikuwa ikiaminika kwamba ndani ya viini mna elektroni. Lakini tumieni jibu la swali la kwanza. Elektroni ikibanwa mpaka itoshee kwenye kiini, nishati yake ya mwendo inakuwa kubwa mno, na hakuna mvuto wa umeme unaoweza kuizuia isitoke. Kulikuwa na tatizo jingine pia: elektroni zilizotoka kwenye viini zilikuwa na nishati tofautitofauti, kana kwamba sehemu ya nishati imepotelea njiani. Wakubwa kadhaa, Bohr akiwamo, walikuwa tayari kukubali kwamba huenda nishati haihifadhiki. Desemba 1930 Pauli alipendekeza jambo jingine katika barua: kuna chembe ya tatu, isiyo na chaji, inayoondoka na nishati hiyo bila kuonekana. Baada ya James Chadwick kugundua nyutroni mwaka 1932, Enrico Fermi aliunganisha yote katika nadharia yake ya 1934. Elektroni haikuwamo ndani ya nyutroni. Inaumbwa wakati uleule nyutroni inapogeuka, pamoja na ile chembe ya Pauli ambayo leo tunaiita nyutrino, sawasawa na fotoni ya mwanga inavyozaliwa pale atomi inapotoa nishati.

Ilichukua zaidi ya miaka 25 tangu barua ile mpaka Frederick Reines na Clyde Cowan walipoigundua nyutrino, mwaka 1956, karibu na mtambo wa nyuklia huko Marekani. Wakampelekea Pauli simu ya maandishi kumjulisha. Nyutrino za Jua zinapita katika kila sentimita ya mraba ya miili yetu kwa idadi ya makumi ya mabilioni kila sekunde, usiku na mchana, kwa kuwa Dunia yenyewe haizizuii.

Oneni jinsi goroli ilivyoharibika hapa. Goroli haizaliwi wala haigeuki goroli ya aina nyingine. Chembe huzaliwa, hugeuka na hutoweka. Vinavyobaki bila kubadilika ni hesabu zake: jumla ya nishati, jumla ya chaji, na nyingine chache za namna hiyo.

4. Tungamo la vitu linatoka wapi?

Tarehe 4 Julai 2012, wanasayansi wa CERN, karibu na Geneva, walitangaza kwamba wamepata chembe ya Higgs kwa mashine yao yenye mzingo wa kilomita 27. Magazeti ya dunia nzima yaliandika kwamba imepatikana chembe inayovipa vitu vyote tungamo. Tangu hapo wanafunzi huuliza: kwa hiyo mimi nina kilo 60 kwa sababu ya Higgs?

Hapana, na hesabu yake si ngumu. Protoni ina chembe tatu ziitwazo kwaki, mbili za aina ya juu na moja ya aina ya chini, kama Murray Gell-Mann na George Zweig walivyopendekeza mwaka 1964, na kama majaribio ya Stanford yalivyoanza kuonyesha mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Tukitumia kipimo cha nishati, kwaki ya juu ina tungamo la takriban megaelektronivolti 2.2, na ya chini 4.7. Jumlisheni zile tatu: hazifiki 10. Protoni nzima ina 938. Higgs inahusika na tungamo la kwaki zenyewe, yaani kama asilimia moja tu ya protoni.

Asilimia 99 zilizobaki zinatoka wapi? Zinatoka kwenye nishati ya kwaki zinazokwenda kasi na ya gluoni zinazozifunga. Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba nishati iliyotulia mahali pamoja ina tungamo, na protoni ni nishati iliyofungwa. Mwaka 2008 kundi la wanafizikia wa Ulaya lilikokotoa kwa kompyuta kubwa, likianzia kwenye nadharia ya kwaki na gluoni, na tungamo la protoni likatoka sahihi ndani ya asilimia chache. Kwa hiyo pimeni gunia la mahindi la kilo 100. Kilo moja na kidogo ndiyo fungu la Higgs. Kilo zilizobaki ni nishati ya mwendo na ya kufungana, ndani ya viini vya atomi za mahindi na za gunia lenyewe.

Lakini msiidharau ile asilimia moja. Kwaki ya chini ni nzito kuliko kwaki ya juu. Kwa sababu hiyo nyutroni, yenye kwaki mbili za chini, ni nzito kuliko protoni: megaelektronivolti 939.6 dhidi ya 938.3. Tofauti hiyo ya 1.3 ni kubwa kuliko tungamo la elektroni, ambalo ni 0.5. Rudini sasa kwenye haidrojeni ya swali la kwanza. Elektroni yake inapenya kiini kama ile ya potasiamu-40, lakini protoni haiwezi kuimeza ikawa nyutroni, kwa kuwa nishati haitoshi. Kama kwaki ya juu ndiyo ingekuwa nzito kwa kiasi hicho, haidrojeni yote ingeweza kugeuka nyutroni. Maji yasingekuwapo, wala Jua kama tunalolijua. Mimi nikifika hapa kwenye somo huwa natulia kidogo, maana kila nikilifundisha linanistaajabisha.

5. Nani amewahi kuziona?

Hili nitalipitia kwa haraka, kwa kuwa linajibiwa vizuri zaidi kwa mikono kuliko kwa maneno. Chukueni sanduku la kioo. Juu, kwa ndani, bandikeni kitambaa kizito kilicholoweshwa spiriti. Chini wekeni bamba jeusi la metali lililolala juu ya barafu kavu, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Zimeni taa, mulikeni tochi kutoka ubavuni, mkasubiri dakika chache. Mvuke wa spiriti unashuka na kupoa, na sentimita chache juu ya bamba mtaona nyuzi nyeupe zikichoreka zenyewe kisha zikifutika. Zilizo nene na fupi ni za chembe za alfa kutoka gesi ya radoni iliyomo hewani. Zilizopindapinda ni za elektroni. Zile nyembamba zilizonyooka, nyingi ni za mioni, chembe zinazofanana na elektroni ila ni nzito mara 207, zinazozaliwa angani kama kilomita 15 juu yetu.

Mioni huishi kwa wastani wa sehemu 2.2 za milioni za sekunde moja. Hata ikienda karibu na kasi ya mwanga, ingetarajiwa kwenda mita 660 hivi na kufa. Lakini inafika chini, na kiganja kilichokunjuliwa kinapitiwa na mioni moja hivi kila sekunde. Inafika kwa sababu muda wa chembe iendayo kasi hiyo hupita polepole kuliko wetu, kama Einstein alivyosema, na kama Bruno Rossi na David Hall walivyopima milimani Colorado mwaka 1941. Naomba kila mkoa uwe na walau shule moja yenye sanduku hili. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kompyuta moja.

Yaliyo mbele

Ndugu zangu, nimejibu maswali yaliyokwisha kupata majibu. Nawaachia moja ambalo halijapata. Nilisema nyutroni iliyo nje ya kiini huvunjika baada ya kama robo saa. Ziko njia mbili za kupima muda huo. Ya kwanza ni kuzifungia nyutroni baridi kwenye chombo, kisha kuhesabu zilizosalia. Jibu lake ni karibu sekunde 878. Ya pili ni kupitisha mkondo wa nyutroni na kuhesabu protoni zinazozaliwa njiani. Jibu lake ni karibu sekunde 888. Vipimo vyote viwili ni vya uangalifu mkubwa, na tofauti ya sekunde hizo kumi inazidi makosa ambayo wapimaji wenyewe wanayakubali. Huenda kuna kosa lililojificha katika njia mojawapo. Huenda baadhi ya nyutroni huvunjika kwa namna isiyozaa protoni, na hilo lingekuwa jambo jipya kabisa katika fizikia. Jibu lina uzito, maana muda huo ndio ulioamua ni kiasi gani cha heliamu kilitengenezwa katika dakika za mwanzo za ulimwengu.

Swali hili analielewa mwanafunzi wa kidato cha sita, na yeye ana umri wa kutosha mbele yake kulifanyia kazi. Njia za kufika huko zimeongezeka. Shule ya Fizikia ya Afrika imekuwa ikiwakusanya vijana wa bara hili tangu 2010, na mwaka 2016 ilifanyika Rwanda. Kigali kuna Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, iliyoanzishwa 2018 katika Chuo Kikuu cha Rwanda, inayofundisha shahada za juu za fizikia hapahapa kwetu.

Ndugu Mwenyekiti, ninalo ombi moja. Mhadhara ujao wa mfululizo huu uanze na maswali ya wanafunzi, na sisi wahadhiri tukae upande wa kusikiliza kwanza. Mlangoni zipo karatasi tupu na kalamu. Vijana, kabla hamjatoka, andikeni swali ambalo mwalimu aliliruka au ambalo mliogopa kuuliza, pamoja na jina la shule yenu. Nitayasoma yote, na yale nitakayoshindwa kuyajibu ndiyo tutakayoanza nayo tukikutana tena.